Tundu la Dari kwa Bi Alawiya

Shuaib alianguka asubuhi kweupe, akili zake zimetimia, katika kazi aliyoifanya tangu ndevu hazijamwota. Alikuwa ghorofani katika nyumba ya Bi Alawiya, nyumba kongwe ya mawe katika mji wa kisiwani wa Amu, iliyokuwa ikitengenezwa upya ili ipokee wageni. Alikuwa akirudi kinyumenyume, karai la chokaa mikononi, macho yake kwenye ukuta aliotoka kuupaka. Kamba ya kapi la kupandishia vifaa ilikuwa imeachwa sakafuni, na kisigino chake kikanasa. Akarusha mguu nyuma ajizuie, na mguu ule haukukuta kitu, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na tundu. Mafundi walikuwa wameng'oa boriti zilizooza na kuuacha uwazi ule hivyo hivyo ili mchanga na chokaa vipandishwe kwa njia fupi.

Aliangukia nyonga, kwenye mawe ya pembeni mwa kiwanda panapofunikwa na ghorofa; kiwanda ni ule uwanja wa ndani usio na paa walio nao watu wa nyumba za zamani. Alichokikumbuka baadaye hakikuwa maumivu. Alikumbuka chokaa ikimtiririkia usoni, naye akifumba macho kwa nguvu zake zote, akiogopa kupofuka, ilhali paja lake lilikwisha kukunjika mahali pasipo na goti.

Wenzake walimlaza juu ya mlango uliong'olewa, wakambeba vichochoroni huku watu wakijibana ukutani kuwapisha na punda wakirudishwa nyuma. Alipigwa picha ya mfupa hospitalini, ikaonekana kazi ile ni ya Mombasa, na huko Mombasa akafungwa vyuma pajani. Aliporudi Amu kidonda kilikuwa bado kinatoa maji. Daktari akasema ni lazima kisafishwe na kufungwa upya kila mara, la sivyo mguu utaoza.

Hapo likaja suala la mahali pa kulala. Kwao Shuaib ni Ndau, kisiwa kidogo upande wa kaskazini, na kutoka Ndau hadi Amu ni safari ya mashua. Mkewe, Zamzam, alikuwa huko na binti zao pamoja na mama yake asiyeinuka kitandani. Kumpakia na kumpakua mtu mwenye mguu wa namna ile kila alipotakiwa hospitalini kungalikuwa kumuua polepole. Aliyekata shauri ni Bi Alawiya mwenyewe.

"Shuaib hendi popote," alisema. "Ameumia nyumbani kwangu, atauguzwa nyumbani kwangu."

Hili lisemwe mapema, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu amdhanie vibaya. Bi Alawiya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane wa ukoo wa zamani wa pale mjini, hakujaaliwa mtoto, na nyumba ile ndiyo mali pekee aliyoachiwa. Kazi yote ya ujenzi aliikabidhi kwa Faiz, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu anatambaa. Yeye alikaa nyumba ya jirani, na kila siku alimletea Shuaib chakula kwa mkono wake, uji wa mtama asubuhi na samaki wa kupaka mchana, akasimama mlangoni kumuuliza kidonda kimeamkaje. Dawa alizinunua yeye. Hakuna siku aliyomhesabia Shuaib wema wake.

Chumba alichompa kilikuwa chini, mlango wake ukitazama kiwandani. Zamani kilikuwa ghala. Basi Shuaib akawa anauguza mguu ndani ya nyumba ile ile iliyomvunja, na kazi ikiendelea juu ya kichwa chake.

Mwanzo alisikia kelele tu. Baadaye, kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kusikiliza, kelele zikaanza kugawanyika. Alijua nyayo za Husseini, mchanganyaji chokaa, zilizoburura ndara. Alijua karai likiwekwa chini kwa upole na likitupwa. Mtu akipita karibu na lile tundu, mwili wa Shuaib ulijikaza kuanzia vidole vya miguu, mpaka vile vyuma vya pajani vikamuuma. Alivuta tasbihi na kunyanyua sauti ya dhikri ili asisikie, na bado alisikia.

Alikuwa mtu wa majivuno ya kimyakimya kabla ya hapo. Upakaji alifundishwa na mjomba wake Mahdi, kule Ndau, kwenye ukuta wa nyuma wa msikiti, mahali ambapo makosa ya mwanafunzi hayaonekani na watu wengi. Baada ya hapo alikuwa akija Amu kila kulipokuwa na kazi, na wenye nyumba walimwita kwa jina. Aliwahi kupaka kuta ambazo mgeni akipita hupitisha kiganja bila kujua kwa nini. Sasa alikuwa hawezi kwenda chooni pasipo kushikwa.

Aliyemshika alikuwa Phineas. Huyu alikuwa kijana kutoka bara, aliyeletwa kushika nafasi iliyoachwa wazi. Siku yake ya kwanza alikuja mlangoni, kofia mkononi.

"Fundi, mimi ndiye nimechukua kazi yako. Nimeona si vizuri nianze bila kukusalimia."

"Kazi haina mwenyewe," Shuaib alimjibu. "Karibu ndani."

Phineas alizoea saruji, chokaa hakuijua. Alikuwa akipanda juu, anapaka, kisha anashuka kuuliza kwa nini imepasuka. "Unaiharakisha," Shuaib alikuwa akimwambia. "Inyweshe ukuta maji kwanza, halafu ungoje." Asubuhi kabla ya kazi walikunywa chai pamoja, Phineas ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na chai ikiisha alimpa Shuaib bega lake, wakajikokota hadi chooni. Shuaib aliona aibu kubwa siku za mwanzo. Phineas alijifanya haoni, akawa anasimulia habari za mama yake na za kwaya ya kanisani kwao, mpaka aibu yenyewe ikachoka.

Baada ya Shuaib kuanguka, Faiz alikuwa ameamuru lile tundu lifunikwe kwa ubao wa plaiwudi. Ubao haukupigiliwa misumari, kwa kuwa kila mara ulifunuliwa vifaa vipande. Kisha mvua ikanyesha. Paa la juu lilikuwa bado halijazibwa, maji yakaingia, ubao ukavimba. Phineas ndiye aliyemwambia Shuaib, kama jambo la kuchekesha, kwamba ule ubao sasa umeinua mdomo upande mmoja. Shuaib hakucheka. Tangu siku mbili tatu nyuma alikuwa akisikia mlio mpya, mguso mkavu wa wayo kwenye pembe ya mbao, na alikuwa hajaujua ni wa nini.

Faiz alipopita kiwandani, Shuaib alimwita.

"Bwana Faiz, ule ubao wa tundu umekunjika. Mtu atajikwaa."

"Nimeuona."

"Basi upigiliwe."

"Nikiupigilia, vifaa nipandishie wapi? Ngazi ni nyembamba, unaijua. Wageni wa kwanza wamekwisha kuahidiwa." Faiz hakusema kwa ukali. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. "Nitautengeneza, fundi. Wewe uguza mguu."

Siku zikapita, mlio haukuondoka. Shuaib akamwambia Bi Alawiya, alipoleta chakula. Aliyachagua maneno, maana mkono uliokuwa ukimtengea sahani ndio aliokuwa akiulalamikia.

"Bi, usinione mtu wa maneno mengi. Pale nilipoanguka mimi, ataanguka mwingine."

Bi Alawiya akaisogeza sahani karibu naye. "Nitasema na Faiz," alisema.

Na alisema naye, kwa kuwa kesho yake Shuaib alisikia misumari ikigongwa, na Phineas akamweleza kwamba ubao wenyewe haukuguswa, ila wamepigilia nguzo na kuzungushia kamba pembeni mwa tundu. Shuaib alilala usingizi mzuri. Lakini kamba ya kapi ikakatika katikati ya kazi, na kamba ya karibu zaidi ilikuwa ni ile. Ikafunguliwa ifanye kazi hadi ipatikane nyingine. Hapana aliyepanga ubaya. Kazi iliendelea tu.

Asubuhi ile Phineas alikunywa vikombe viwili, kwa sababu kulikuwa na baridi ya mvua. Alimweleza Shuaib kwamba ukuta wa chumba cha mashariki umekubali, haujapasuka hata ufa mmoja, na akipona atampandisha mgongoni akauone. Kisha akaenda juu. Shuaib alizisikia nyayo zake zikienda na kurudi, nyepesi zikienda mikono mitupu, nzito zikirudi na karai. Akasikia ule mguso mkavu kwenye pembe ya ubao. Akangoja hatua inayofuata, na haikuja.

Mtu na ubao vilishuka pamoja.

Shuaib hakumbuki aliondokaje kitandani. Anakumbuka sakafu, viwiko vyake, na joto la kidonda kikifunguka ndani ya bendeji. Alipofika kiwandani Phineas alikuwa amelala ubavu, macho wazi, damu ikimtoka sikioni na kuingia kwenye chokaa iliyomwagika.

"Nimejikwaa, fundi," alisema.

"Usiseme. Tulia."

"Nimejikwaa tu." Alisema kama anayeomba radhi kwa kuvunja kitu cha watu.

Shuaib alimshika mkono. Hakujua dini ya kijana yule husema nini saa kama ile, na ya kwake aliona haya kumsomea mtu asiyeijua, basi akawa anarudia neno moja tu, kwamba Mungu yupo, Mungu yupo. Wengine walishuka mbio, wakaleta mlango. Walipomwinua Phineas mkono wake ulikuwa bado unashika. Walipofika pwani, kabla ya kukunja kuelekea hospitali, waliombeba wakahisi uzito umebadilika.

Kesho yake hapakuwa na kazi, lakini Faiz aliwaita mafundi wote kiwandani. Mlango wa Shuaib ulikuwa umeegeshwa nusu.

"Mkiulizwa," Faiz alisema, "semeni alikuja na pombe kichwani."

 Kisha Husseini akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikumwona akinywa."

"Ulilala naye chumba kimoja, ukajua alikunywa nini?"

 Walipotawanyika Faiz aliingia kwa Shuaib akasimama karibu na kitanda.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Hii nyumba ikifungwa na serikali, mimi nitatafuta kazi nyingine. Lakini yeye ameweka kila kitu humu. Hana mume, hana mtoto. Chakula unachokula kinatoka kwake."

"Najua kinakotoka," alisema Shuaib.

Faiz akaenda zake. Shuaib akageuza uso ukutani. Hakuwa shujaa, na siku ile hakuwa amekusudia kusema chochote. Alifikiri juu ya Zamzam, juu ya mguu, juu ya dawa. Alijiambia kwamba aliyekufa amekufa, na jina lake huku Amu halina ndugu wa kuliumia.

Lakini ndugu alikuwepo. Aliitwa Ronald, kaka yake mkubwa, mtengeneza baiskeli kule bara, na alikuja kuuchukua mwili. Siku hiyo alifika kwenye nyumba ile kuchukua nguo za marehemu. Bi Alawiya alimpokea kama anavyopokewa mfiwa, akamtengea kiti kiwandani na kumtilia kahawa mwenyewe. Faiz alisimama nyuma ya Bi Alawiya. Ronald aliishika kahawa bila kuinywa.

"Mama," alisema, "mimi sikuja kugombana. Nimeambiwa kwamba ndugu yangu alikuwa amelewa. Phineas aliwahi kunywa, na sana. Aliacha. Alisimama mbele ya kanisa zima akaapa, na mama yetu alikuwa amekaa kiti cha mbele. Kama aliirudia, niambieni hapa hapa, nijue nitafika nyumbani na neno gani."

Bi Alawiya aliinamia kikombe chake. 

"Ndivyo walivyosema wenzake, kaka," Faiz alisema mwishowe. "Pole sana."

"Hakuwa amelewa," akasema Shuaib.

Aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. Ronald alisimama, akausukuma mlango, akamwona mtu aliyelala.

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ni fundi. Yeye alishika nafasi yangu. Asubuhi ile tulikunywa chai pamoja, uso kwa uso, kama ulivyo wewe na mimi. Alikuwa mzima. Alijikwaa kwenye ubao uliofunika tundu pale juu. Haukuwa na misumari, na pembe yake ilikuwa imekunjika. Aliniambia mwenyewe, amejikwaa. Mimi nilianguka tundu hilo hilo, ndiyo maana niko hapa."

"Fundi Shuaib ana homa ya kidonda," Faiz alisema mlangoni. "Ana siku kadhaa anaweweseka."

"Homa ninayo," Shuaib alisema. "Na hakuwa amelewa."

Ronald alikaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, akaufunika uso kwa viganja. Nje Bi Alawiya aliiweka sinia ya kahawa chini taratibu, akaondoka.

Chakula hakikukatika. Kililetwa na mtumishi sasa, vilevile cha moto, sahani ile ile. Lakini Bi Alawiya hakuja tena kusimama mlangoni, wala hapana aliyeuliza kidonda kimeamkaje. Mwisho mtumishi akaja na ujumbe kwamba chumba kinatakiwa, kuna saruji inaletwa na hapana pengine pa kuiweka.

Siku Zamzam alipofika na mashua kumchukua, Bi Alawiya alikuja. Alisimama kizingitini, ameubana ukingo wa buibui mdomoni.

"Ungeniambia mimi kwanza, Shuaib," alisema. "Ungeniambia mimi, si mbele ya mtu wa nje."

"Nilikwambia, Bi. Nilikwambia Phineas akiwa bado hai."

Bi Alawiya alitazama pale kiwandani, mahali palipokwisha kuoshwa. Kisha alijifunika uso wote, akarudi kwake.

Kule Ndau kidonda kilimla Shuaib muda mrefu. Kulikuwa na safari za mashua alizozifanya akiuma kilemba ili mayowe yasiwatie hofu abiria. Mguu haukukatwa, ndivyo Zamzam alivyopenda kuwaambia watu, lakini ulipona ukiwa mfupi, na gongo likawa sehemu ya mwili. Ronald aliyafikisha mambo kwa maofisa wa kazi. Wakaja watu wawili, wakaingia nyumba ile, wakapima, wakauliza. Shuaib alivushwa kwenda Amu kueleza aliyoyajua, na alisikilizwa kwa adabu. Mafundi wengine walisema hawakuona. Husseini alisema alikuwa nje anachunga chokaa kwa chekeche. Tangu hapo kila Shuaib akiuliza huambiwa kwamba jambo linachunguzwa, na siku hizi haulizi. Nyumba ilikamilika. Wageni wanalala katika chumba cha mashariki.

Ronald alimpigia simu baada ya mazishi. Alisema amemwambia mama yao, na mama akataka kujua jina la mtu aliyemshika mwanawe mkono. Hakuweza kulitamka vizuri, akawa anamwombea hivyo hivyo. Shuaib aliitika, "Ahsante, ahsante," akairudisha simu kwa Zamzam.

Alijaribu kurudi kazini. Watu wa Ndau walikuwa wakitengeneza jabia lao, lile birika kubwa la kukusanyia maji ya mvua, wakamwita apake. Kupanda kulikuwa kudogo, ukingo wenyewe haufiki kifua cha mtu. Alifika juu, akaangalia chini, na mikono ikaganda kwenye mawe. Hakupiga kelele. Alibaki vile mpaka wanaume wawili wakaja kumbandua vidole kimoja kimoja. Tangu siku hiyo hupaka sehemu ya chini ya ukuta tu, ameketi kwenye kigoda, akiishia mkono unapoishia, na sehemu ya juu hupakwa na wengine. Ukiangalia kwa karibu unaona mahali mikono ilipobadilika.

Mara ya mwisho alipokwenda Amu kupigwa picha mguu, maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Mashua ya kurudi ilikuwa chini kabisa ya gati, na ngazi zilizoachwa na maji zilikuwa na mwani wa kuteleza. Zamzam alitangulia na mikoba. Shuaib alisimama juu na gongo lake, abiria wengine wakingoja nyuma, akaona hawezi. Mtu aliyekuwa katikati ya ngazi, akingoja shehena yake ya saruji, aligeuka. Alikuwa Faiz. Alikuwa amekonda.

"Asalaam aleikum, fundi."

"Waaleikum salaam," akaitika Shuaib, kwa kuwa salamu haikataliwi.

Faiz alinyoosha mkono. Shuaib aliutazama, akatazama mwani, akatazama mashua. Hapakuwa na mkono mwingine. Akampa wake. Faiz aliushika kwa nguvu, akatangulia kinyumenyume, akikanyaga kila ngazi kwanza yeye ndipo ampishe Shuaib akanyage, mpaka Shuaib akakaa kwenye ubao wa mashua.

"Hoyo si Faiz?" Zamzam aliuliza, mashua ilipofunguliwa.

"Ndiye."

"Mekwambiaje?"

"Hakunambia kitu."

Shuaib aliufuta mkono wake kwenye kikoi. Ulikuwa umelowa jasho, na hakujua kama lilikuwa lake au la Faiz.